Jina la Mama Kwenye Skrini ya Kliniki

Kitinda alikuwa ndiyo kwanza amevuta kiti aketi simu ya ofisi ilipolia. Jina hilo la kitinda mimba lilimfuata hadi kazini tangu siku mama yake alipofika pale na kumwita kwa sauti ya kutikisa madirisha. Mama hakuwa akisikia. Homa kali ilimwondolea masikio miaka ya nyuma, na tangu hapo aliongea kama anayemwita mtu wa ng'ambo ya barabara.

Aliyepiga simu alikuwa sista mkuu wa kliniki ya moyo. Alisema skrini ya chumba cha kungojea ilikuwa nyeupe pe, majina ya wagonjwa hayaonekani, na watu wameanza kunung'unika.

Kitinda akaiweka simu chini. Ukurasa ule wa majina aliutengeneza yeye, na asubuhi ile mama yake alikuwa kliniki. Alikuwa amekataa katakata kusindikizwa. "Si umesema jina langu litatokea kubwa, katikati ya kioo?" alimwambia huku akivaa viatu. "Basi macho ninayo. Nenda kazini kwako."

Kitinda akamgeukia mwenzake, waliyemwita Msafi kwa jinsi alivyochukia kuona kitu kisicho na kazi ndani ya ukurasa. Msafi akaufungua kwenye kompyuta yake, na jina la majaribio likatokea, ila juu kabisa, limebanana na ukingo. Akasema jana alifanya badiliko moja tu: aliondoa safu ya ushauri wa dawa iliyokuwa pembeni, maana daktari mkuu aliagiza itolewe, ilikuwa imepitwa na wakati. Jina lenyewe hakuligusa. Kitinda hakungoja zaidi. Alitia kompyuta mkobani na kuteremka ngazi mbio kuelekea kliniki.

Chumba cha kungojea kilikuwa kimefurika. Skrini ilifungwa ukutani ndani ya kizimba cha chuma, kwa kuogopa wezi, na bati pana la kizimba hicho lilifunika sehemu ya juu ya kioo. Chini ya bati zilichungulia ncha za herufi, nyembamba kama miguu ya sisimizi. Wenye masikio yao walinung'unika tu, zamu haikuwapita, kwa kuwa sista aliyaita majina mlangoni. Wasiosikia walikuwa wamekaa tu, wamekodolea macho weupe.

Mama alikuwa safu ya nyuma. Uso umempauka, kiganja kimoja kimebana chini ya titi la kushoto.

Sista alipoambiwa huyo ni nani, alishika kichwa. Alikuwa amemwita, akarudia, hakuitikiwa, akamhesabu kama hakufika. Wapo wengine aliowaruka vivyo hivyo. Majina yao alikuwa nayo, ila sura hakuzijua, wengine wako ua wa nyuma kwenye skrini ya pili, na mtu asiyesikia hana alama usoni. Tena daktari ataondoka mchana kwenda chumba cha upasuaji. Akashauri mama aingizwe hapo hapo.

Kitinda akachuchumaa mbele ya mama yake ili midomo yake isomeke vizuri, akamweleza. Mama alisikiliza kwa macho hadi mwisho. Kisha akamgeukia jirani yake, seremala mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, ambaye mashine zilimmaliza masikio.

"Na huyu je?" akauliza, na chumba kizima kikasikia. "Ametangulia kufika kuliko mimi. Mwanawe yuko wapi wa kumpitisha mlango wa nyuma?"

"Mama, umekuwa mweupe. Twende, tafadhali."

"Nitaingia nikiliona jina langu. Katengeneze."

Alimjua mama yake. Kumvuta mkono kungezua vita, na moyo ule haukuwa wa kupigana vita.

Akakaa sakafuni chini ya kizimba, akafungua kompyuta magotini na kuiunganisha na skrini. Nyuma yake mtu mmoja alinong'ona kwamba afadhali waite fundi, mwingine akamjibu kwamba fundi ndiye huyo, na wote wawili wakatikisa vichwa kwa huzuni.

Kurasa zao walizipamba kwa mfumo wa mitindo wenye maneno mafupi yaliyokwisha andaliwa: unabandika neno kwenye kisanduku, yaani fremu isiyoonekana inayobeba maandishi, nacho kinatii. Neno la kuweka kitu katikati ya juu na chini, lilikuwepo mahali pake. Akalifuta, akaliandika upya. Jina halikusogea hata kidogo. Akalisukuma chini kwa nguvu, akaliwekea nafasi kubwa juu yake, na jina likashuka hadi katikati ya kioo. Watu wakapumua. Mara mtu akaja kutoka uani kusema kwamba huko jina limezama, limebaki nusu. Skrini ya uani ilikuwa fupi. Akaondoa ile nafasi, na weupe ukarudi.

Alipotupa jicho nyuma, mama alikuwa ameegemea bega la seremala. Mabega yakampanda Kitinda, akawa anakosea herufi. Alifumba macho kidogo, hadi mabega yakatulia. Akajiuliza, kitu hiki kimekaa katikati ya nini hasa?

Akakipaka kile kisanduku rangi nyekundu, aone kinaanzia wapi na kuishia wapi. Chini ya bati ukatokea ukanda mwembamba mwekundu, kama utepe. Basi.

Kumbe jina lilikuwa limetii muda wote. Lilikuwa katikati, ila katikati ya kisanduku kifupi mno, chenye kimo cha jina lenyewe. Safu ya ushauri ndiyo iliyokuwa ikikirefusha, na ilipotolewa, kikanywea. Hakuna aliyekumbuka kukipa urefu wake.

Akampigia Msafi kuhakikisha. "Tulikipa kisanduku cha jina kimo?"

Msafi akaupekua ukurasa. "Hapana. Hatukukipa."

Akabandika neno moja, la kukiamuru kisanduku kijae skrini nzima, iwe ndefu iwe fupi. Kioo chote kikageuka damu, sista akainuka nusu kutoka kitini, na katikati kabisa likasimama jina, herufi kubwa, halijakatwa popote. Kitinda akaurudisha weupe haraka. Kutoka uani wakasema na huko linasomeka.

Sista akaanza na wale aliowaruka, kwa zamu yao. La kwanza lilikuwa la seremala. Alilitazama, akajigusa kifua kama anayeuliza, kisha akainuka taratibu, akimwegemeza mama ukutani kwa uangalifu kabla ya kwenda. Likafuata la mtu wa uani. Kitinda aliketi kando ya mama, ameshika kifundo cha mkono wake, na mapigo aliyoyahisi yalikuwa yakikimbia, yakisita, yakikimbia tena. Kila mlango ulipofunguka alitamani kumbeba.

Jina la mama likatokea. Mama akalisoma lote, midomo ikitikisika. Akasimama, akayumba. Sista na Kitinda wakamdaka, wakamwingiza wakiwa wamembeba.

Daktari aliweka kipimo kifuani na hakutabasamu. Alisema leo harudi nyumbani. Wakamlaza wodini, wakamtundikia dripu, na jua lilipoanza kuinama rangi ikamrudia usoni.

Hapo ndipo Kitinda alipoinama karibu naye. "Ungenifia pale, mama," akasema, midomo ikimcheza.

Mama akaisoma hivyo hivyo. "Nilikuwa nayatazama mabega yako," akasema, safari hii kwa sauti ndogo ambayo Kitinda alikuwa ameisahau. "Yalipotulia, nikajua umepata. Sikuogopa tena." Akafumba macho, akalala.

Kitinda akatoka kwenye korido kumpigia kaka yake mkubwa. Kaka alisikiliza, kisha akaja juu: kwa nini hakumlazimisha kuingia mapema, kwa nini alimwachia mgonjwa aamue.

"Wewe ungemlazimisha, kaka?"

Kaka akashusha sauti. Akauliza wodi ni ipi, akasema anakuja.