Akidi ya Mtu Mmoja

Nilitumwa kukagua jinsi kampuni ile inavyosimamia mifumo yake ya kompyuta. Ndani ya miaka sita ilikuwa imetoka nchi mbili hadi kumi na moja, na wenye hisa walitaka kujua nani hasa anaamua mambo. Kwenye karatasi, jibu lilikuwa Kamati ya Teknolojia: wakurugenzi watano, kikao kila baada ya miezi mitatu.

Mihtasari yake ilinipendeza. Kamati ilikataa tawi jipya lifunguliwe kabla nakala za akiba za data hazijajaribiwa. Ilifuta ruhusa za kuingia kwenye mifumo za watu walioacha kazi. Na yote yalitekelezwa. Ila siku ya kikao cha mwisho, wakurugenzi watatu walikuwa angani, kila mmoja na safari yake. Tiketi zao nilikuwa nazo mezani.

Nikamwita karani wa kamati, mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani.

"Mama, kikao hiki walikaa akina nani?"

Hakuzungukazunguka. "Mimi, mwanangu."

"Peke yako?"

"Vikao viwili vya kwanza niliwasubiri mpaka chai ikapoa. Cha tatu nikashuka chini kwa mafundi, nikawauliza nini kinawakosesha usingizi. Nikaandika walichosema. Wakubwa wakatia sahihi bila kusoma."

"Tangu lini?"

"Huu mwaka wa nne."

Nilijua napaswa kushangaa, au walau kumwonea huruma. Lakini nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi: naona naguswa, basi. Niliendelea kuandika. Yeye akanisahihisha tarehe moja.

"Utanitaja?"

"Itabidi, mama."

"Nitaje. Ila useme mafundi hawakujua."

Nikasema hivyo, aya ya saba ya ripoti yangu.

Mama alistaafishwa kabla ya wiki kuisha. Wakurugenzi walipewa semina ya nusu siku. Mwezi uliofuata nikaalikwa kushuhudia kikao halali cha kwanza. Walitokea wote watano kwenye skrini, mmoja akiwa ndani ya gari. Dakika kumi na moja, matawi matatu yakapitishwa. Nakala za akiba hakuna aliyeziulizia, na mimi kazi yangu ilikuwa kutazama tu.

Kwenye fomu yangu palikuwa na swali: kamati inakutana? Nikaweka tiki.

Jioni mke wangu akaniuliza kazi ile iliishaje.

"Vizuri," nikasema, nikamwomba anisogezee chumvi.