Okidi za Mwalimu Kalinga

Kwa heshima zote zinazostahili, natangaza kwamba mwezi wa Novemba, mwaka 1956, mimi Asukile, mwanafunzi wa Darasa la Tisa, niliongoza Msafara Mkuu wa Kisayansi wa kupiga picha maua ya okidi katika milima ya Mbeya. Msafara ulikuwa na watu watatu: mimi, Mwalimu Kalinga mwenye kamera, na rafiki yangu Jailos mwenye mbio. Okidi ilikuwa moja.

Hilo la mwisho Mwalimu hakulijua.

Alikuwa mtu wa Iringa, mpole, mvaa soksi ndefu hata porini. Alisikia kwamba mvua za kwanza zikinyesha, kilima kimoja upande wa kwetu hujaa okidi, akanichagua nimwonyeshe.

"Picha hizi nitampelekea Bwana Miti wa Idara ya Misitu," alitangaza darasani. "Akiuona uzuri ule atakifunga kilima. Jembe halitapita tena pale."

Darasa likapiga makofi. Mimi sikupiga. Jembe linalopita pale ni la shangazi yangu Yudith. Chini ya kila okidi kuna viazi vidogo. Shangazi huvichimba, huvikausha na kuvitwanga, na kile kiazi kichanga hukirudisha ardhini kiote mwakani. Mahindi yanapokuwa bado majani matupu, nyumbani kwetu hatuna chakula kingine. Bwana Miti sijui hula nini miezi hiyo, lakini si majani ya mahindi.

Basi nikakata ua moja kilimani kwa shangazi, nikampa Jailos, na Jumamosi nikampeleka Mwalimu kilima kingine kabisa, chenye mawe na nyani. Hicho wakifunge wapendavyo.

Jailos alitangulia "kupeleleza." Kila tulipokata kona tulimsikia:

"Mwalimu! Lipo jingine huku!"

Mwalimu alikimbia, akapiga magoti kwenye tope, akabana pumzi, akapiga picha.

"Lisiguswe, vijana."

"Nani aliguse, Mwalimu?" nilisema kwa sauti ya mazishini, huku Jailos nyuma yetu akiling'oa.

"Yanafanana ajabu."

"Ni ukoo mmoja, Mwalimu."

Mchana tulikaa juu ya jiwe. Nikafungua majani ya mgomba niliyofungiwa na shangazi: vipande vya kahawia, vizito, vinanukia karanga. Mwalimu akatafuna, akafumba macho.

"Nyama gani hii?"

"Ya kwetu, Mwalimu."

"Hebu kipande kingine."

Picha ziliporudi kutoka kusafishwa mjini, tuliitwa ofisini. Mwalimu alikuwa amezipanga mezani kando ya fimbo yake. Katika kila picha, petali moja ilikuwa imeliwa na panzi. Petali ileile, tundu lilelile. Katika ya mwisho, ua lilikuwa limechoka, limefungwa kwenye kijiti kwa uzi.

"Panzi huyu ana bidii," alisema Mwalimu taratibu. "Kala maua yote, na kila ua kalila palepale."

Jailos akaanza kuhesabu mbao za dari.

"Asukile. Kilima cha kweli kiko wapi?"

"Ua nililikata mimi, Mwalimu. Jailos nilimtuma tu. Kilima nakijua, na sitakionyesha."

"Unajua unazungumza na nani?"

"Na mtu aliyekula vipande viwili."

"Vipande vya nini?"

"Vya okidi, Mwalimu. Shangazi anazichimba palepale unapotaka pafungwe. Bwana Miti akipafunga, mwezi wa pili tutatafuna picha."

Mkono wake uliokuwa ukielekea kwenye fimbo ukasimama juu ya tumbo. Kisha akainua ile picha ya mwisho, akaisogeza karibu na miwani.

"Na uzi huu?"

Nikainamisha kichwa.

"Wa blanketi langu la bweni, Mwalimu. Hilo nakiri kwa majuto ya kweli. Limefumuka mpaka katikati, na baridi ya Mbeya unaijua."