Redio Isiyo na Betri

Mwalimu Omondi wa shule ya ufundi ya Thika hakupenda kufundisha kwa maneno matupu. Kila mwanafunzi alijenga redio kwa mikono yake, akaenda nayo nyumbani, na Jumatatu akamweleza habari zilizosomwa Jumapili jioni. Ambaye redio yake haikusema, alikuwa ameanguka.

Kaka yangu Bedan alileta yake kijijini kwetu karibu na Ruiru, kile kijiji cha handaki na seng'enge tulichohamishiwa wakati wa Hali ya Hatari ili tusiwalishe wapiganaji wa msituni. Ilikuwa ubao mdogo, waya wa shaba uliozungushwa kwenye mwanzi, kijiwe cha kunasa sauti, na kisikizio cha simu kuukuu. Akifaulu angepata kazi na kibali cha kuishi mjini, atutoe pale mimi na mama. Jumapili hiyo alitandaza waya mrefu juu ya paa.

Waya ndio uliomleta Kagwe, mkuu wa ngati, askari wa kijiji waliowekwa na serikali kutulinda.

"Huu unapeleka maneno kwa nani?"

"Haupeleki, mzee. Unapokea tu."

"Betri iko wapi?"

"Haihitaji."

"Hata redio ya Bwana Shauri wa wilaya ina betri nzito kama jiwe la kusagia. Yako inakula nini, ugali?"

Ngati walicheka. Bedan naye akacheka, maana aliona mzee akisikia ataelewa. Akamwekea kisikizio sikioni, akagusagusa kijiwe kwa sindano mpaka sauti ikaja.

Kagwe akakikandamiza kisikizio sikioni.

"Ni Mkikuyu," alisema polepole. "Anataja Ruiru. Anataja ngati."

"Ni mtangazaji, mzee. Yuko Nairobi, anasoma habari."

Kagwe akakitoa kisikizio sikioni, akakiweka mdomoni. "Wewe. Uko msitu gani?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Akasikiliza tena.

"Hataki kujibu. Mfungeni huyu."

Bedan, mikono ikifungwa nyuma, aliniambia, "Waceke, mwambie mwalimu ilisema."

Kibali cha kwenda Thika nilikipata mwezi uliofuata. Bedan alikuwa ameshapelekwa kambi ya kizuizini, hatukujua ipi. Nilisimama mlangoni mwa karakana mpaka Mwalimu Omondi akaniona. Nilimwambia ilisema. Nikamwambia na yaliyofuata, nikitazama sakafu.

Hakuniuliza ni habari gani zilizosomwa. Alichukua koleo, akaenda kwenye rafu ya redio za wengine, akaanza kuzifungua moja moja na kurudisha waya kwenye kasha. Wanafunzi walipoingia aliwaambia wakae. Akageukia ubao, akachora redio kwa chaki, nao wakainakili.