Nyumba Isiyoingia Sukari

Asubuhi hiyo Ubaldina alipomfunua mjukuu wake blanketi, alirudi nyuma hatua moja. Shavu la kulia la Maryeli lilikuwa limevimba kama andazi, ngozi inang'aa, na jicho la upande huo limebaki upenyo tu. Mtoto wa miaka minne, jana yake tu alikuwa anafukuza kuku uani.

"Nubia! We Nubia! Njoo hapa upesi!"

Nubia, mama wa mtoto, alikuja mbio kutoka jikoni na mwanawe mdogo Duván kiunoni. Alipouona uso wa binti yake alianza kulia, lakini Ubaldina alishaingia kutafuta viatu. Pale kijijini wengi wangeweka kitambaa cha moto wakasubiri kesho. Ubaldina hakuwa mtu wa kusubiri. Alikuwa na miaka tisa siku mdogo wake Libardo alipoamka na shavu kama lile. Wakubwa walisema ni jino tu, tena la utoto, litang'oka lenyewe. Siku ya tatu uvimbe ulishuka shingoni, na siku ya nne wakamzika. Miaka arobaini na sita imepita, na bado akimwona mtoto ameshika shavu, kijasho chembamba humtoka.

Walipanda pikapu ya jirani iliyokuwa inapeleka matofali ya panela ya miwa mjini Güepsa, wakakaa nyuma kati ya maboksi. Maryeli alikuwa wa moto mikononi mwa bibi yake.

"Nona, naumwa," alinong'ona. Watoto wa huku humwita bibi nona.

"Najua, mama. Tunafika sasa hivi."

Barabara ilikuwa na makorongo, na kila gari liliporuka mtoto aliguna. Ubaldina hakuondoa mkono wake shingoni mwa Maryeli. Alikuwa anapapasa chini ya taya, anaacha kidogo, anapapasa tena, roho mkononi. Nubia alimwona lakini hakuthubutu kumuuliza anatafuta nini.

Daktari wa meno pale kituo cha afya alikuwa Ximena, binti mdogo ambaye Ubaldina, siku nyingine, angemtuma dukani. Alimlaza Maryeli kwenye kiti, akainua mdomo wa juu kwa kidole, akamulika. Meno manne ya mbele yalikuwa visiki vya kahawia, na lile lililofuata, upande wa kulia, lilikuwa limetoboka, fizi imejaa usaha.

"Daktari, atakufa?" Ubaldina aliuliza.

"Mama! Mbele ya mtoto?" Nubia aling'aka.

"Nauliza. Nina sababu ya kuuliza."

Daktari hakucheka, na hilo lilimtisha Ubaldina kuliko jibu lolote.

"Usaha unatafuta njia ya kwenda jichoni," alisema taratibu. "Mmefanya la maana kuja leo. Nampiga ganzi, namng'oa, usaha utoke, kisha nampa dawa. Lakini homa isiposhuka hadi jioni, jicho likifumba kabisa, au uvimbe ukishuka shingoni, msije hapa. Nendeni hospitali kubwa moja kwa moja. Mmenielewa?"

Shingoni. Ubaldina aliitikia kwa kichwa.

Wakisubiri ganzi ishike, daktari alichukua kalamu. "Anapenda peremende? Soda?"

"Hapana," Nubia alisema.

"Na sukari?"

"Sukari haiingii nyumbani kwetu, daktari. Tangu zamani."

"Muulize yeyote," Ubaldina aliongeza, na hata katika hofu ile alijinyoosha mgongo. "Ule unga mweupe wa dukani hatuutaki. Sisi ni watu wa panela."

Ni kweli, na wala hakuwa anajigamba bure. Miaka thelathini alikuwa akimimina juisi ya miwa iliyochemka kwenye kalibu za mbao, ikigandia humo kuwa matofali ya panela. Pwani ya kwetu wangeiita sukari guru. Huku haijawahi kuitwa sukari. Ni chakula, ni dawa ya mafua, ndiyo inayompa mtoto nguvu.

Daktari aliweka kalamu chini. "Chupani anawekewa nini?"

"Maji ya panela," Nubia alijibu.

"Saa ngapi?"

"Akienda kulala. Huwa anasinzia nayo mdomoni."

"Tangu lini?"

"Tangu mchanga. Nona wake ndiye anayemtengenezea."

"Mama," daktari alisema, sasa akimtazama Ubaldina, "ni sukari ile ile. Imevaa nguo ya kahawia tu."

"Wee binti! Panela ndiyo iliyousomesha mji huu mzima! Unataka kuniambia nimemlisha mjukuu wangu sumu?"

"Ilinisomesha hata mimi. Baba yangu alikuwa mpishi wa panela. Sijasema msiipike, nasema isilale na mtoto. Mdomoni kuna vijidudu. Vikila sukari vinatoa tindikali, na hiyo ndiyo inayolitoboa jino. Mchana mate yanasaidia kuosha. Mtoto akilala mate yanapungua, na vyenyewe vinakula hadi asubuhi."

Ubaldina alitaka kubisha tena. Kisha akakumbuka kitambaa cha Libardo. Mama yao alikuwa anashinda kiwandani, na kazi ya kumnyamazisha Libardo ilikuwa yake yeye, Ubaldina, tangu mtoto yule hana hata jino moja. Alikuwa anafunga donge la panela kwenye kitambaa safi, anakichovya majini, anampa anyonye hadi asinzie. Wengine walifunga donge dogo. Yeye alifunga kubwa, maana alikuwa anampenda.

Daktari akamwambia amshike mtoto mikono, akachukua koleo. Maryeli alipopiga kelele, jino lilikuwa limeshatoka na usaha unafuata, na Ubaldina alikuwa bado amemshika mikono.

"Sasa nimwone huyo mdogo," daktari alisema.

Duván alikuwa na miezi kumi na meno manne tu. Daktari alimwinua mdomo. Juu kabisa, karibu na fizi, meno mawili ya juu yalikuwa na mstari mweupe kama wa chaki.

"Hivi ndivyo kuoza kunavyoanza. Bado hayajatoboka, na mkiwahi mstari huu unaweza kuishia hapo. Chupa iwe maji matupu. Mpigeni mswaki nyinyi wenyewe, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele. Na kila wiki mwinueni mdomo hivi, mtazame."

Walikaa kwenye benchi la nje kusubiri dawa. Maryeli alisinzia mapajani mwa Nubia, pamba mdomoni. Duván akaanza kulilia usingizi.

"Mama, mpe chupa anyamaze," Nubia alisema kwa mazoea, kisha akajishika mdomo.

Ubaldina aliitoa chupa mfukoni. Ilikuwa bado na uvuguvugu. Aliijaza yeye mwenyewe alfajiri, kabla ya kufunua lile blanketi. Akaimwaga yote kwenye mtaro, akaisuuza mara tatu, akaijaza maji ya kunywa. Duván alionja, akatema, akapiga yowe hadi watu wakageuka.

"Lia, baba," Ubaldina alimwambia. "Lia tu."

"Utamwacha hivyo hivyo?"

"Nubia, Libardo mimi ndiye niliyekuwa namnyamazisha."

Nubia alimtazama mama yake, kisha akaitazama ile chupa. Alikuwa ameisikia habari ya kitambaa toka utotoni, ikisimuliwa kama kichekesho.

Kwa mkono mmoja Ubaldina alimkumbatia Duván aliyekuwa anapiga mateke. Mkono wa pili aliupeleka chini ya taya la Maryeli, akapapasa. Palikuwa laini, uvimbe haujashuka. Akahesabu hadi ishirini, akapapasa tena.