King'ora cha Ghorofa ya Juu

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ana mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Tunafunga naye vihisi vya moshi na ving'ora, na asubuhi ile tulikuwa tunamalizia nyumba ya wazee ambamo mama yangu mzazi anaishi, ghorofa ya juu. Mkaguzi alikuwa njiani. Nilipotoka kwenda kunawa, paneli, lile sanduku la ukutani linaloongoza ving'ora vyote, ilikuwa na taa ya njano: hitilafu, laini ya ving'ora vya juu. Niliporudi, kijani tupu.

"Umefanyaje?"

"Mambo madogo, shem. We pumzika."

Ningemkaba palepale, ila harufu iliniwahi. Moshi mweusi ulikuwa unatoka chini ya mlango wa chumba cha kufulia. Kihisi kikaunasa, ving'ora vya chini vikapiga kelele mpaka meno yakaniuma. Wauguzi wakawatoa wazee wa chini, mmoja kajifunga shuka, mwingine na kiatu kimoja.

Nikatega sikio kwenye ngazi. Juu kimya.

"Juu hakulii!"

"Kunalia bwana. Paneli si inasema kunalia?"

Nikaifungua ile paneli. Rizista, kidude kisichozidi punje ya mchele, hufungwa kwenye king'ora cha mwisho kabisa ili paneli iuone waya wote mpaka huko. Yeye alikuwa ameifunga mlemle ndani ya paneli. Paneli ilikuwa inajitazama yenyewe na kuridhika. Waya wa juu hata ungekatika vipande, isingejua.

"Taa ilikataa kuzima," akasema. "Na mkaguzi ndo huyo anakuja. Nikasema funika kombe mwanaharamu apite. Mchana ningerudishia."

Sikumtukana, na mimi kwa matusi sijambo. Niliogopa tu. Nikapanda ngazi mbio, kitambaa puani. Moshi ulikuwa umenitangulia. Nikagonga milango kwa mpini wa bisibisi, nikiita, nikikohoa. Chumba cha kwanza kitupu. Cha pili kitupu. Hapo ndipo nilipotaka kulia, kwa sababu wazee wa juu chini hawakuonekana na huku hawakuwapo.

Niliwakuta wote chumbani kwa mama, wamebanana vitandani. Mama alikuwa kwenye kiti nyuma ya mlango, fimbo imelala magotini, na ilibidi nimsukume na kiti chake ndipo niingie. Moshi uliingia pamoja nami.

Shemeji alikuwa nyuma yangu. Alichuchumaa, akambeba mama mgongoni. Wauguzi waliotufuata wakawashika wengine, tukashuka kwa ngazi za nje, nikihesabu vichwa na kuvirudia. Uani walikuwa wametimia wote.

"Mama, hamkunusa moshi? Kelele za chini hamkuzisikia?"

"Usinifokee," akasema, akikohoa begani kwa shemeji. "Tulinusa. Tulisikia. Wenzangu wakataka kutoka, mimi nikakaa mlangoni nikawazuia."

"Kwa nini?"

"Nikawaambia watulie. Ingekuwa moto wa kweli, kengele ya mwanangu ingelia."

Shemeji alikuwa bado hajamshusha.