Chekeche Lililopimwa Likiwa Limelala

Elkanah alifika kwenye kinu cha Mzee Okemwa, njia ya Karungu, Jumamosi mchana, mkoba wa michoro kwapani. Wiki ile mashine ilikuwa imemponda mdogo wake Cephas mkono wa kulia, na Cephas alikuwa amelazwa Homa Bay. Nguzo iliyombana ilisimamishwa kwa kufuata mchoro wa Elkanah mwenyewe. Hakuna aliyemlaumu. Naye hakulia. Moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa hadi ukafa ganzi.

Mbele ya kinu palikuwa na chekeche, sanduku refu la chuma la kusafishia mahindi. Gurudumu lilipozunguka, chekeche lilienda mbele na kurudi nyuma. Nguzo ya mbao ilizuia watu wasilikaribie. Siku Elkanah alipochukua vipimo vya kwanza ilikuwa Sabato, na kwa Mzee Okemwa gurudumu halikusogezwa siku ya Sabato, hata kwa mkono. Basi akapima chekeche lilivyolala, katikati ya safari yake. Akaona nafasi tele ya kuweka nguzo, akaiandika. Yeye, aliyejigamba kuwa mstari wake haupindi, alichora kitu kinachotembea kana kwamba ni kabati.

Leo ilikuwa Sabato tena.

"Ngoja jua lizame," alisema Mzee Okemwa, Biblia mkononi.

"Jua likizama unawasha, mzee. Watu wako kwenye foleni na madebe yao. Na anayesimama pale ni Leonida."

Leonida, mke wa Cephas, alikuwa ameshika nafasi ya mumewe. Alikuwa ameegemea mlango, kanga kiunoni.

"Si wewe ni msomi?" Mzee alimchokoza. "Piga hesabu. Nyinyi watu wa kalamu mnapima hata upepo."

"Pini ya gurudumu imelika. Chekeche linapitiliza. Nikipiga hesabu nitapata kipimo cha mashine mpya, na hii si mpya. Lazima nilione likienda mpaka mwisho."

"Amri ni amri, kijana."

Ndipo Leonida akasema polepole, "Mzee, juzi kanisani ulitusomea. Ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, mwenyewe humtoa. Mimi nimekuwa mdogo kuliko ng'ombe?"

Mzee Okemwa alifunga Biblia. Akachukua kofia.

"Niko nje," alisema. "Kilicho ndani sikioni."

Elkanah alitoa mkanda wa injini, wakashika gurudumu, yeye na shemeji yake. Lilikuwa zito. Liligeuka likilalamika, na chekeche likasogea, likasogea, likasimama karibu na nguzo. Pengo lililobaki halikuzidi unene wa kiganja.

"Mkono wake ulikuwa hapa?" aliuliza Leonida.

"Hapa."

Elkanah aliweka rula, akasoma, akaandika. Kwenye karatasi mpya alichora chekeche mara tatu: lilipolala kwa mstari mzito, na miisho yake miwili kwa mistari ya nukta nukta. Vipimo vyote akavianzia kwenye nukta hizo. Mkono wake haukutetemeka, na jambo hilo lilimchukiza kidogo, kwa mbali. Halafu akang'oa nguzo, akaisimamisha upya, mbali, akaishindilia mawe.

Jua lilipozama Mzee alirudi, akarudisha mkanda, akawasha injini. Paa likatikisika. Leonida alichukua debe la kwanza ili asogee mahali pake.

"Bado," alisema Elkanah.

Akakunja mkono wa shati hadi begani, akaegemeza mkono wake wa kulia kwenye nguzo, kiganja wazi, upande unaoelekea chekeche. Chekeche lilikuja kwa kishindo. Likarudi. Likaja tena. Upepo wake ulimpuliza vinyweleo, chuma hakikumgusa. Alilitazama kama mtu anayetazama mvua ya kijiji kingine.

"Kijana!" Mzee alipiga kelele.

Elkanah hakupepesa jicho. Leonida aliweka debe chini. Mashine haikumtisha tena. Uso ule ndio uliomtisha.

"Yuora," alimwita shemeji yake, akimshika kiwiko. "Toa mkono. Inatosha. Tumeona."

Akautoa, akashusha mkono wa shati, akampisha.