Mbuzi wa Siku ya Kuezeka

Mwaka ule Leta, yaani serikali, ilipofungua shule yake Kasongo, shule isiyomtaka mtoto abatizwe kwanza, Aziza alimbembeleza mumewe, Amuri, mpaka akachoka kuisikia sauti yake mwenyewe. Kabla ya hapo shule zilikuwa za mapadri tu, na Waislamu wa mjini walizipita mbali. Amuri alikubali shingo upande. Binti yao, ambaye jina lake lilikuwa hilohilo, Binti, akaketi benchi moja na watoto wa Kibangubangu waliotoka upande wa Kabambare.

"Lakini siku nitaona jambo la kuharibu dini yake," Amuri alimwambia mkewe, "nitamutosha mu shule palepale."

Mvua zilipokaribia, wazazi wakaitwa kuezeka darasa la pili. Wanaume walipanda juu na nyasi, Waislamu kwa Wakristo, wakitaniana ni nani atakayevunja paa kwa uzito. Jikoni, yaani kwenye mafiga nyuma ya shule, Aziza alikoroga sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Mama Octave, Mkristo wa upande wa Wamaza ambaye mwanawe aliketi benchi moja na Binti, alichochea moto chini ya chungu cha mbuzi. Harufu yake ilikuwa tamu mpaka inakera.

"Huyu mbuzi alichinjwa na nani?" Aziza aliuliza, kwa kuuliza tu.

"Mwalimu Placide yeye mwenyewe. Asubuyi, mbele ya ninyi kufika. Alitaka kutufurahisha."

Mwiko ukamsimama Aziza mkononi. Placide alikuwa Mkristo, kijana mwema kupita kiasi, na kwa wema wake alikuwa amesahau jambo ambalo Kasongo hata kuku wanalijua: Mwislamu hali nyama isiyochinjwa na Mwislamu mwenzake.

Angeweza kunyamaza. Wanaume wangekula, wangeshiba, wangesifu, na Binti angeendelea kusoma. Aziza aliufikiria uongo huo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda, kisha akaona aibu. Alitaka mtoto asome, lakini si kwa kumlisha baba yake haramu.

"Mama Octave, bwana yangu hawezi kula hii. Na akijua, atamutosha Binti."

Mama Octave alikitazama chungu, akamtazama Amuri kule juu ya paa. "Basi tumwambie Mwalimu mbele ya kupakua."

Placide aliposikia, hakujificha. Alisimama chini ya ngazi akawaita wote.

"Wababa, nimekosea. Mbuzi nilimuchinja mimi. Nilisahau."

Amuri akashuka polepole, uso umekunjamana, akaanza kumtafuta Binti kwa macho.

Mama Octave ndiye aliyemwahi. Alikuwa amebeba jogoo aliyemleta toka Wamaza kumuuza sokoni. Akamtoa kwa mikono miwili, pamoja na kisu.

"Baba Binti, chinja huyu. Ule mbuzi sisi Wakristo tutagawana, tutapeleka nyumbani. Hapa tutakula chakula kimoja, sisi wote."

"Jogoo mumoja kwa watu wote hawa?" Amuri aliuliza.

"Sombe iko mingi."

Baba mmoja Mkristo, aliyekuwa akikinusa chungu kile tangu asubuhi, aliguna kwa uchungu wa kweli, na watu wakacheka. Amuri hakucheka. Alimshika jogoo, akamwelekeza inavyopasa, akasema Bismillahi, akachinja.

Jogoo alipoiva walikula wali na sombe, kila mtu na kipande cha nyama kisichojaza hata jino. Mbuzi alibaki pembeni, amefunikwa. Aziza alimwangalia mumewe akila, akinawa mikono, akiirudia ngazi.

Alipofika katikati ya ngazi, Amuri alimgeukia mwalimu.

"Mwaka ujao mukiezeka darasa la tatu," alisema, "usiguse kisu. Uniite mimi."

Aziza aliinamia sufuria, akaanza kusugua kwa nguvu mahali palipokwisha takata zamani.